Nilipiga Besi kwa Piki

Siku yangu ya kwanza kazini, kiongozi wa bendi aliitikia shikamoo yangu huku macho yake yakiwa kwenye mkono wangu wa kulia. Tulikuwa kwenye chumba cha mazoezi nyuma ya jiko la hoteli moja pale Shelly Beach, Likoni, na harufu ya samaki wa kukaanga ilikuwa imejaa mle ndani.

"Hicho ni nini?" akaniuliza.

Nikafungua kiganja. Ilikuwa piki, kile kipande bapa cha plastiki chenye pembe tatu ambacho mpiga gita hukishika kati ya kidole gumba na cha shahada ili kuchapia nyuzi.

"Besi hupigwa kwa vidole, Bi Mejumaa. Piki ni ya gita la solo. Ukija na kitu hicho hapa, watu wataona hujafunzwa."

"Nimefunzwa, Mwalimu," nikamjibu. "Nimefunzwa hivi."

Sote tulimwita Mwalimu. Alikuwa mwanamuziki hodari, sitamvunjia heshima, na mengi niyajuayo kuhusu mapigo nimeyapata kwake. Lakini siku ile aliniamuru niiweke piki mfukoni, nami nikaiweka, kwa kuwa kazi nilikuwa naitaka. Nikapiga kwa vidole. Kila mmoja mle ndani alisikia sauti zikitoka nusu nusu, nyingine hazikutoka kabisa.

Nieleze sababu. Kabla ya muziki nilikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo huko Changamwe. Asubuhi moja mkanda wa mashine ulinikamata vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati. Vilipona na umbo lao, ila ncha zilibaki na ganzi. Nikigusa uzi, sijui kama nimeugusa. Marehemu kaka yangu Rashidi alikuwa na gita la besi nyumbani kwetu Mtongwe, na ndiye aliyenitia piki mkononi. Piki hushikwa kwa ubavu wa kidole, si kwa ncha, na ubavu wangu ulikuwa mzima. Nilipochapa uzi mnene wa juu, mtikisiko ukanipanda mpaka kwenye kifundo cha mkono. Nililia. Nilikuwa nimekaa miezi nikiamini mkono ule hautanifaa kwa lolote zaidi ya kushika ufagio.

Kwa hiyo siku ya pili hotelini nilikuja na piki, na ya tatu pia. Mwalimu alinung'unika, lakini mpiga besi wake wa zamani alikuwa amehamia Nairobi na hakuwa na mwingine. Nikabaki.

Pale ndipo nilipojifunza kuchagua. Piki si piki tu, enyi vijana mnaookota yoyote iliyo karibu. Ile nyembamba, inayopindika kama jani, inafaa gita la ridhim. Kwenye besi inakunjika kabla uzi haujatikisika, na unachosikia ni mkwaruzo wa plastiki. Nyuzi za besi ni nene na nzito, zinataka piki nene isiyopinda. Tena tazama ncha. Ncha kali hutoa sauti inayokata, ncha ya mviringo hutoa sauti iliyojaa. Mimi nilipenda zile kubwa za pembe tatu zilizo sawa pande zote, kwa sababu ncha moja ikilika unageuza nyingine. Na kiganja nacho kina kazi yake. Ukilaza ubavu wa kiganja juu ya daraja, pale nyuzi zinapoanzia, sauti hukatika fupi, tup, tup, kama mtu anayetwanga kinuni.

Meneja wa burudani wa hoteli alikuwa na shida nyingine nami. Aliniita ofisini kwake akaniambia wageni wanapenda kumwona mwanamke akiimba.

"Vaa gauni, shika maikrofoni," alisema. "Besi tutaitafutia mwanamume."

"Mimi siimbi, Meneja."

"Mwanamke yeyote anaimba."

"Basi mlete huyo yeyote," nikamwambia, nikatoka.

Mambo yalifika mwisho mchana mmoja tulipokuwa tukipiga kando ya bwawa la kuogelea. Wageni walikuwa wameketi mezani, watoto wanaruka majini. Katikati ya wimbo Mwalimu aliacha kinanda chake akanijia. Sijui kama Meneja alimsema asubuhi ile, au kama alikuwa amechoka nami tu. Aliufikia mkono wangu, akaichomoa piki vidoleni, akaitupa bwawani.

"Vidole!" akasema, kwa sauti ya kusikika na wote.

Besi ikanyamaza. Mpiga dramu akaendelea peke yake, amenikodolea macho. Uso ulinichoma kwa aibu, na nyuma ya aibu ikaja hasira, na hasira ndiyo iliyonishika. Nilikuwa na desturi ya kufunga piki za akiba kwenye ncha ya leso niliyojifunga kichwani. Nikafungua lile fundo, sikuharakisha, nikatoa nyingine, nene kuliko ile ya kwanza. Nikamtazama Mwalimu usoni, nikaingia pale pale wimbo ulipokuwa, nikaupiga mpaka mwisho.

Nilifukuzwa kabla sijaweka gita kwenye mfuko wake.

"Ungeniomba radhi tu," Mwalimu aliniambia langoni. Sauti yake ilikuwa ya masikitiko, wallahi.

"Kwa kosa lipi?"

Akalifunga lango. Nami sikurudi.

Nilikaa nyumbani kipindi kirefu. Mama alinitafutia kazi za kushona, nikazikataa, na tukakosana kwa hilo. Kisha bendi ya wafanyakazi wa bohari la mafuta kule Changamwe ikanichukua. Wengi wao walikuwa watu wa bara, na kiongozi wao, aliyekuwa msimamizi wa zamu, aliniuliza swali moja tu: "Dada, hiyo besi itasikika?" Ukumbi ulikuwa kando ya barabara ya malori. Jumapili mchana vioo vilitetemeka kila trela ilipopita. Pale piki nene yenye ncha kali ndiyo iliyonilisha. Nilichapa karibu na daraja, nikishusha na kupandisha mkono, na watu walicheza mpaka vumbi likafika magotini.

Miaka mingi baadaye nilijiunga na kikundi cha taarabu huko Kisauni. Mwenyekiti alikuwa bibi mmoja mkali, mwenye sikio la ajabu. Mazoezi ya kwanza hayakufika ubeti wa pili, akainua mkono.

"Mwanangu, besi yako yatukwaruza. Tumia vidole."

"Abee, Bibi. Vidole situmii. Lakini nipe mpaka Jumamosi."

Alinitazama kama mtu aliyetukanwa. Wenzangu wakainamisha vichwa.

Nilijua ana haki kuhusu sauti. Kuhusu vidole, hakuwa na haki. Nikaenda kwa fundi wa makubadhi, nikamwomba vipande vya ngozi ya soli. Nikakata piki za kila unene, nikazichonga ncha kwa msasa. Nyingine zilikuwa laini mno, uzi ukazila siku moja. Moja ilikuwa ngumu kiasi, na ilipogusa uzi ilitoa sauti nzito, ya mviringo, bila mkwaruzo. Jumamosi nikamwonyesha Mwenyekiti kabla ya kuanza.

"Ni piki, Bibi, sikufichi. Nisikilize mpaka mwisho wa wimbo, kisha useme."

Alisikiliza amefumba macho. Mwisho akasema, "Haya. Hii ibaki. Ile ya plastiki usiniletee tena hapa."

Wiki iliyofuata nikaileta, kwa ajili ya ngoma ya chakacha, maana chakacha bila ncha kali inalala. Alinisonya. Lakini mguu wake ulikuwa ukigonga sakafu, na nilipiga naye mpaka alipofariki, Mungu amrehemu.

Sasa nimestaafu. Mgongo hauwezi tena kubeba gita kwa saa nyingi. Vijana huniuliza lipi sahihi, vidole au piki. Nawaambia wasikilize wimbo, ukumbi na mkono wao wenyewe, kisha wachague, na wakishachagua wasimwombe mtu ruhusa. Wapo wanaoniambia besi ya kweli ni ya vidole. Nawaambia waje wakae mbele ya spika yangu.

Mwezi uliopita shemeji yangu alikuja na ujumbe wa majirani. Eti mwanamke wa umri wangu, mwenye wajukuu, imefika wakati gita lifunikwe kitambaa.

"Watu wanasema, Mejumaa."

"Wanasema sauti iko juu, au wanasema mimi ni mwanamke?"

Akamalizia chai yake, akainuka.

Nilimsindikiza mpaka mlangoni kwa heshima zote, nikamtakia njia njema. Kisha nikarudi sebuleni, nikafungua madirisha yote mawili, nikawasha amplifaya, nikaketi. Kwenye kibakuli nilikuwa na zile za ngozi, za ncha ya mviringo, na za plastiki. Nikachagua iliyo nene na kali kuliko zote.