Fundi Mkuu Asiyejua Kusuka Ukili

Mume wa shangazi yangu alikuwa na vidole laini kama vya mtoto mchanga. Hilo peke yake lingetosha kumuumbua, kama watu wangekuwa na tabia ya kutazama vidole badala ya kusikiliza mdomo. Mtu aliyesuka ukindu, yale majani ya mkindu, hata kwa mwaka mmoja tu, kidole chake cha shahada huota sugu pembeni na kucha ya gumba hulika. Yeye kucha zake zilikuwa nzima, safi, zimekatwa kwa wembe. Lakini mtaa mzima ulimwita Fundi Mkuu, na jina hilo alijipa mwenyewe.

Kazi ilikwenda hivi. Shangazi aliuanika ukindu mpaka ukauke, akauchana kwa kisu kidogo, akaurushia maji usije ukakatika. Ukindu mwingine aliuchemsha na rangi. Kisha akaketi kusuka ukili, utepe mrefu usio na mwisho, akauviringisha kama gurudumu. Baadaye akaushona kwa shazia, ile sindano nene, duara juu ya duara, mpaka utepe ukawa kikapu, au mkeka, au kawa la kufunikia chakula. Hapo ndipo Fundi Mkuu alipoingia kazini. Alivitoa vitu barazani, akavipangusa vumbi, akaketi katikati yake kama aliyevizaa.

"Kitu kilichosukwa usikitazame usoni," aliwaambia wateja. "Kigeuze. Uongo wote uko nyuma." Maneno hayo aliyasikia kwa shangazi, kama alivyosikia mengine yote, akayavaa kama shati la kuazima.

Nayajua haya kwa sababu nilikaa nao, chumba cha uani, na cherehani yangu. Nilishona sare za shule na kupunguza suruali za watu, na kupitia dirishani nilimwona shangazi akifanya kazi na kumsikia mumewe akiisimulia. Wakati mwingine alisimulia jinsi macho yanavyomuuma kwa kusuka usiku kucha. Usiku huo huo nilikuwa nimemsikia akikoroma.

Shangazi hakulalamika. Nilipomuuliza alisema, "Mwache. Mdomo nao ni kazi, mimi siuwezi." Nilidhani ni upole. Baadaye nilielewa kwamba aliamini kuna mapatano fulani kati yao, kwamba mumewe anajua ukweli moyoni na ndiyo maana anautangaza uongo kwa nguvu.

Mambo yaliharibika kwenye maonyesho ya kazi za mikono, katika ukumbi wa halmashauri. Fundi Mkuu alipeleka mkeka wa rangi tatu uliomchukua shangazi msimu mzima wa mvua. Ukashika nafasi ya kwanza. Aliitwa mbele ndani ya koti la kuazima, mikono ya koti ikimfunika zile kucha, akapewa cheti na kipaza sauti. Cheti alikibana kwapani, kipaza sauti akakishika kwa mikono miwili.

Mwendesha shughuli alimwona shangazi amekaa mstari wa mbele, akauliza, "Na mama yetu huyu, naye anasuka?"

Fundi Mkuu alicheka. "Huyu? Huyu ananifagilia makapi."

Ukumbi ukacheka. Shangazi naye alicheka kwa adabu, kisha akainama kufunga gidamu ya kiatu chake, ambayo haikuwa imefunguka.

Kesho yake hakutoa ukindu. Alitoa ufagio, akaketi nao mlangoni. Wiki hiyo hiyo mwenye nyumba ya wageni, aliyekuwepo ukumbini, alikuja kuagiza vikapu na makawa ya vyumba vyake vyote. Fundi Mkuu aliingia ndani akisugua viganja.

"Bibie, tumepata kazi kubwa. Anza mapema."

"Itengeneze, Fundi," alijibu shangazi. "Makapi yakiwa mengi utaniita nifagie."

Alidhani ni utani. Siku ya tatu aliona si utani, akajifungia chumbani na furushi la ukindu. Sijapata kuona mtu akishindwa na majani kiasi kile. Hakuyalowesha, yakakatika. Akayalowesha, yakaoza kwenye ndoo. Ukili wake ulianza mpana kama kiganja, ukaishia mwembamba kama kamba ya kiatu. Kawa moja alilofanikiwa kulishona lilikuwa kama kofia iliyokaliwa na mbuzi. Akasema basi, angalau ufagio, ufagio unamshinda nani? Akafunga njiti za makuti kwa kamba ya katani, akatoka uani kuujaribu mbele yetu. Kila alipofagia, njiti mbili tatu zilibaki chini. Alifika kwenye lango ameshika kamba. Shangazi aliinuka, akafagia nyuma yake, akarudi kuketi.

Lakini mikono iliyozoea kazi haitulii. Jioni moja shangazi aliingia chumbani kwangu, akasema, "Sogeza hiyo cherehani yako." Akaketi nyuma ya mlango, akaanza kusuka. Tangu hapo alisuka kwangu kila mumewe alipokuwa barazani, maana yeye chumbani kwangu haingii, aliogopa pini. Nami kila nilipokwenda kununua nyuzi soko la juu, nilibeba kazi ya shangazi ndani ya furushi la vitambaa, nikamwachia mama mmoja muuza vikapu niliyemfahamu.

Wiki kadhaa baadaye mkokoteni ulisimama langoni. Fundi Mkuu alikuwa mbele yake anatokwa na jasho, na nyuma yake umepakiwa vikapu na makawa mpaka juu. Nilivitambua kabla mkokoteni haujasimama vizuri. Pini zilikuwa mdomoni mwangu, nusura nizimeze.

"Bibie! Njoo uone kazi!" aliita. "Nimezunguka soko zima. Haya, shika. Geuza, geuza uone. Unaona mahali uzi ulipopita? Huoni! Huyu mtu ana mkono. Wewe, tuseme ukweli, hujawahi kufika hapa."

Shangazi alipokea kawa, akaligeuza polepole.

"Kweli," alisema. "Huyu anajua."

"Ungekuwa na bidii ningekupeleka kwake ukajifunze."

"Labda siku moja."

Mtu huyu alikuwa amelala juu ya mikeka ya mkono ule tangu aoe. Kila chakula alichokula kilifunikwa kwa kawa la mkono ule. Punda hulijua hori analolia. Yeye aliinua kazi ya mkewe hadharani, akaisifia, akamtukana nayo aliyeitengeneza.

Nilidhani tukiingia chumbani tutacheka mpaka tulie. Shangazi hakucheka. Aliketi nyuma ya mlango, ukili magotini, hasuki.

"Miaka yote nilidhani anajua," alisema. "Nilidhani anajua, ila kiburi kinamziba mdomo. Kumbe hajui. Mwizi ningemwelewa, mwanangu. Mwizi huangalia anachoiba."

Kisha akaniagiza nimwambie mama wa sokoni: yule mwanamume wa mkokoteni akirudi, bei ipande.

Alirudi, kwa sababu mwenye nyumba ya wageni alifurahi na wenzake nao wakaagiza. Hivyo ndivyo, kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, Fundi Mkuu alivyoanza kumlipa mkewe. Na alilipa akilalamika, tena kwa huyo huyo mkewe, mezani.

"Huyo fundi wa sokoni ana roho mbaya sana."

"Mafundi wazuri ndivyo walivyo," alisema shangazi, akamwongezea mchuzi.

Siku moja kifungo cha shati kilimkatika, naye akasahau kuogopa pini. Alisukuma mlango wangu, na huyo hapo shangazi, ukili magotini, shazia mkononi, kikapu nusu kimeshonwa. Mimi nilisimamisha cherehani. Nikasema moyoni, leo ndiyo leo.

Alimtazama. Akatazama kikapu. Uso wake ukang'aa kwa kuelewa.

"Aa! Kumbe yule fundi anakupa vibarua?"

Shangazi hakupepesa macho. "Ndiyo, ananipa."

"Safi sana. Umeanza kujituma. Basi mwambie apunguze bei."

"Nitamwambia. Lakini ni mgumu."

Nilimshonea kifungo, akaenda zake akipiga mluzi.

Kutoka hapo mambo yalikwenda yenyewe. Shangazi alipanga chumba karibu na soko la juu, akamwambia mumewe anakwenda kwa fundi. Mumewe akajisifu kwa majirani kwamba mkewe sasa anajifunza kwa mtu wa maana. Mwanzoni shangazi alirudi kila jioni. Siku moja mvua ikanyesha, akalala huko. Kesho yake hakukuwa na mvua, akalala tena. Nami nikahama na cherehani yangu.

Fundi Mkuu bado anakaa barazani katikati ya vitu alivyonunua. Nikipita huko namwamkia, kwa kuwa nililelewa vizuri, naye huniambia, "Shangazi yako, kazi ile nilimwanzisha mimi." Nazitazama zile kucha zake. Sibishani na debe tupu.

Nikirudi, shangazi huuliza jambo moja tu, kama anakula. Namwambia anakula. Basi, ananiomba nimpe mkasi.