Nshampa

Simwambii, nishamjibu dada yangu. Na asinambie mimi muoga. Muoga hamchomi paka sindano asubuhi na jioni miezi minane, paka mwenyewe kichwa kama nazi.

Watu wakipita barazani kwetu wakimwona walikuwa wanasema mashaallah, kanawiri. Ningewapiga. Kanawiri nini? Taya limemtanuka, viganja vimejaa kama maandazi, anakula na bado analia njaa, anakojoa kama bomba bovu. Daktari wa mifugo alisema ni sukari, akatupa insulini, yuniti mbili kila baada ya saa kumi na mbili. Sukari haikushuka. Tukapanda nne, sita, kumi, mpaka kumi na nne. Hapo ndipo aliposema huenda ana uvimbe mdogo chini ya ubongo, unamwaga homoni ya ukuaji, na homoni hiyo ndiyo inayoishinda dawa. Huenda. Kipimo chenyewe hapa hakuna, mpaka damu isafirishwe ng'ambo. Mie skuli niliiacha, lakini nilisoma kwenye simu mpaka macho yakauma. Sukari ya paka yule nilikuwa naijua kuliko umri wangu.

Kazi tuligawana na Bibi. Yeye analisha, mie nachoma. Chakula kwanza, sindano baadaye, maana ukimchoma na tumbo tupu sukari inaanguka, anakufa. Basi kila jioni nikirudi kutoka kibandani kwangu Darajani, ninakotengeneza simu, naanza kuuliza nikiwa bado kwenye ngazi:

"Bibi, ushampa?"

Naye toka jikoni: "Nshampa."

Neno hilo hilo moja, kila siku. Hatukuhitaji jengine.

Siku ile nilichelewa. Niligombana na mteja kwa ajili ya kioo cha simu alichokivunja mwenyewe, nikarudi nimefura, adhana ya magharibi inaanza. Nikauliza kwenye ngazi. Nshampa. Nikamchoma uani, yuniti kumi na nne, hata usoni sikumtazama, nikaenda zangu kuoga.

Natoka chooni, paka kalala ubavu, miguu inapiga sakafu. Bibi anampaka asali kwenye ufizi, anamwita mwanangu, mwanangu. Nikampigia daktari. Alikuwa kazini Kizimbani, nje ya mji, akasema tusiache asali, anakuja. Alipofika paka kashanyooka mapajani mwangu, mzito vilevile.

Bibi akasema ule uvimbe ndio uliommaliza, Mungu kampumzisha. Na mie nikaamini, kwa sababu kipimo changu cha dawa nilikuwa na hakika nacho. Tukamzika uani, karibu na mrehani.

Siku ya tatu jirani kaja kumpa pole Bibi. Ndiyo, pole ya paka, na aliyecheka nilimtoa barazani. Nawapelekea kahawa, nikamsikia Bibi anahadithia, sauti imemkaa vizuri kwa mara ya kwanza tangu paka afe:

"Jioni ile mjukuu wangu kachelewa. Nkasema paka asikose dawa. Yuniti zimeandikwa pale kwenye friji. Nkamlisha, nkamchoma mie mwenyewe, kama ninavyojichoma. Hata hakulia."

Bibi ana sukari miaka mingi, mkono wake mwepesi kuliko wangu. Nikaiweka kahawa chini. Nshampa. Mie nilisikia chakula. Yeye alikuwa anasema sindano.

Kuuliza mara ya pili, umempa nini, kungenichukua muda gani? Lakini nilikuwa nimefura.

Dada yangu ndiye niliyemwambia peke yake, naye ananishikilia nikaseme, eti kumficha mtu mzima ni kumdharau. Sawa. Bibi kila asubuhi anachukua sindano yake, na kabla hajajichoma ananambia, "Angalau siku ya mwisho nlimsaidia." Ananitazama, anangoja nimjibu. Najibu, "Naam, Bibi."

Haya, weye unayesoma. Angekuwa bibi yako, ungemwambia?