Kisanduku cha Kifaransa nilichokiacha Houston mpaka leo hakijarudi

Wakuu, nawasalimu wote, wa bara na wa pwani, wenye ID mpya na wakongwe.

Hii si chai. Anayetaka chai akamwone mama ntilie. Ni mambo yaliyonikuta mwenyewe kule Texas, mwishoni mwa miaka ya tisini.

Kwanza mnijue. Nina Diploma ya useremala, niliipata kwa jasho kabla sijapanda ndege. Nyumba ninayoandikia hapa Tanga nimeijenga mwenyewe, milango nimeichonga mwenyewe. Sikubebwa na mjomba wala kigogo. Sijisifu, natoa taarifa tu.

Dallas nilikaa Vickery Meadow, apartment za watu wa kila nchi. Nilikuwa na-drive truck ya kuhamisha samani.

Kule mtu akifariki, watoto wake hufungua nyumba, kila kitu kinabandikwa bei mpaka vijiko, na watu wanaingia kununua. Wanaita estate sale. Sisi tulikuwa tunabeba vilivyonunuliwa.

Siku moja, katika nyumba ya bibi mmoja marehemu, nikakiona kisanduku mezani. Chekundu cha kuiva, karibu na weusi, maua ya shaba yametambaa juu yake kwa kazi ya njumu, shaba iliyopachikwa kama pambo. Ila shaba ilikuwa imebanduka, imesimama kama magamba ya samaki aliyeparwa nusu. Watu wanakishika, kinawakwaruza, wanakirudisha.

Muuzaji akasema ni cha Ufaransa, cha zamani sana.

Mimi nilikuwa sisikilizi. Kidole changu kilikuwa kwenye ule wekundu, nao haukuwa mti wala plastiki. Ni gamba la ng'amba, yule kasa wa baharini kwetu. Marehemu bibi yangu alikuwa na kitana cha gamba hilo hilo, akikipaka mafuta ya nazi kila Ijumaa.

Wakuu, nilisimama katikati ya Dallas nikasikia harufu ya nywele za bibi yangu.

Nikakinunua. Nikainua kila jani la shaba, nikakwangua gundi ya kale, nikabandika upya kwa gundi ya kuchemsha, juu nikalaza vifuko vya mchanga wa moto mpaka shaba ikatulia. Hapo ndipo diploma huonekana. Fundi wa kuungaunga angekiua.

Kwa nini nijitese hivyo? Kwa ajili ya Rukia.

Rukia alikuwa binti wa Unguja, nurse aide Houston, akiishi na mama yake, Bi Zuhura. Tulifahamiana kwenye Idi, Dallas. Tangu hapo kila nikipata off nilikuwa kwenye I-45 kuelekea kusini. Niliijua barabara ile kuliko mfuko wangu.

Nikaamua kuposa. Ukoo sina kule, mshenga wangu akawa dereva mwenzangu, Athumani wa Mombasa. Ndani ya kisanduku nikatia udi, hina na kanga. Athumani alipokiona akacheka:

"Ndugu yangu, waenda kuposa ama waenda kufungua makumbusho?"

Tulipokewa vizuri. Bi Zuhura alipitisha kiganja juu ya kisanduku, kisha akauliza, "Ng'amba hii?"

"Ndiyo, mama."

"Na ukimwoa, mtakaa wapi?"

Nikajibu kwa kifua: Tanga. Kiwanja ninacho, ramani ninayo, sikwenda Marekani kuzeekea kwenye apartment.

Bi Zuhura alikuwa na maradhi ya figo. Damu yake ilikuwa ikisafishwa kwa mashine hospitali, kila wiki, na hakukuwa na namna ya kurudi nyumbani akaishi. Aliyempeleka ni Rukia.

Akavitoa vitu vyangu kimoja kimoja, akanirudishia. Kisanduku akabaki nacho mapajani.

"Mwanangu, kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Nikurudishie hiki nimetia nini? Cha thamani nilichonacho ni huyu, na huyu ndiye miguu yangu."

Nikasema, "Basi kikae, mama, mpaka upate cha kutia."

"Kaidi wewe," akasema, akatabasamu, macho yamejaa.

Mlangoni nilimwambia Rukia neno la kifundi tu: "Kiepushe na AC, kitakauka. Kipake mafuta ya nazi, shaba isiinuke."

"Sitakiacha kikauke," akasema.

Nikarudi Tanga. Nikajenga. Nikaoa.

Houston nilirudi mara moja tu, miaka kadhaa baadaye, kumhani Rukia msiba wa mama yake. Naye alikuwa ameolewa. Mumewe, kwa bahati mbaya, ni mtu mwema sana.

Kisanduku kilikuwa sebuleni, mbali na AC. Niliponyoosha mkono, binti yake mdogo akanikemea: "Don't touch! That's Mama's."

Nikagusa hivyo hivyo. Hakuna jani la shaba lililoinuka, hata moja. Kidole kikatoka kinang'aa, kinanukia nazi.

Rukia alikuwa amesimama nyuma yangu na sinia ya kahawa.

"Bado sijapata cha kutia," akasema, akaenda kuwapa wageni kahawa.

Funzo, wakuu: ukienda ughaibuni, nyumba utajenga, na ukiwa na akili kama yangu utajenga nzuri. Lakini ukiamua kurudi, kuna kitu hakitaingia kwenye kontena. Jiulize mapema ni kipi.

Sebuleni kwangu nimejenga zidaka ukutani, vishubaka vya kuwekea vyombo, kama za wazee. Kimoja nimekataza kisiwekwe kitu. Mke wangu huniuliza kwa nini, namwambia bado sijapata cha kufaa.

Na wewe uliyerudi, uliacha nini huko? Tiririka hapa chini, nasoma zote.