Meno ya Papa Chini ya Ukingo wa Muanda

Mwanangu, kuna siku moja ambayo nikiikumbuka, hata nikiwa hapa Bel-Air, Lubumbashi, nimekaa kwenye kiti changu na kikombe cha chai mkononi, chai inapoa sijaigusa. Watu wa nyumba hii wameshanizoea. Wakiona nimenyamaza ghafla wanaambiana, "Mama eko Muanda tena," halafu wanaendelea na mambo yao. Leo nataka nikupeleke huko na wewe, kwa sababu nimesikia umeanza kwenda kwenye mashimo ya madini na wenzako, wewe ukiwa mvuta kamba, yule anayebaki nje, na nimesikia wanakusifu kwamba husemi sana. Sifa hiyo imenitia hofu.

Nilikuwa msichana bado. Dada yangu Béatrice alikuwa ameolewa na kijana wa kwetu ambaye kazi ilimpeleka mbali kabisa, Muanda, pale nchi yetu inapogusa bahari kwa kipande kidogo tu. Alipokaribia kujifungua aliomba mdogo wake aje kumsaidia, kama desturi yetu inavyotaka: kufua, kupika uji, kumshika mtoto ili mama apate kuoga. Nikatumwa mimi. Na kwa kuwa msichana hakuachwa kusafiri peke yake, nikasindikizwa na kaka yetu mkubwa, Yaya Léon, maana kwetu ndugu mkubwa huitwa Yaya. Huko tulimkuta Mama Yumba, mama mkwe wa dada, mwanamke mzee wa Manono aliyetangulia kuja kumpokea mjukuu wake.

Yaya Léon umemjua akiwa mzee wa fimbo, kwa hiyo itakubidi uniamini nikisema kwamba wakati ule alikuwa mtu wa kutazamwa. Alikaa Katuba, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, na alichimba malakiti, yale mawe ya kijani ambayo mafundi huyachonga. Mabega yalijaza mlango. Alicheka mpaka nyumba ya tatu wakamsikia. Nilimpenda kuliko nilivyompenda baba, na ninalisema hilo wazi kwa sababu baba mwenyewe alilijua.

Bahari niliiogopa tangu siku ya kwanza. Sisi ni watoto wa udongo mwekundu, na maji tunayoyafahamu ni ya mto na ya ziwa. Yanakaa mahali pake, yakijaa yanajaa kwa sababu mvua imenyesha, na wewe uliiona mvua hiyo. Yale ya Muanda yalinguruma mchana kutwa bila mtu kuyakosea. Niliuliza yananguruma kwa nini, shemeji yangu akacheka tu, akasema nitazoea. Sikuzoea.

Siku moja baada ya misa shemeji alitoa mfukoni kitu cheusi, chenye ncha, kinang'aa kama kimepakwa mafuta. Akasema ni jino la papa, yule samaki mkali, na kwamba papa mwenyewe alikufa zamani sana, kabla ya babu wa babu zetu, mpaka jino likageuka jiwe. Yaya Léon alipitisha kidole pembeni mwake, ngozi ikachanika, damu ikatoka. Wote walicheka. Mimi mwili ulinisisimka, maana niliwaza ni mnyama gani huyu aliyekufa hivyo na bado anauma.

Tangu hapo Yaya hakutulia. Alasiri maji yakiwa yameenda mbali, na mtoto akiwa amelala, tulishuka ufukweni kutafuta. Usidhani ni kazi ngumu. Unachuchumaa, unaacha jua liwe mbele yako, na hutafuti jino, unatafuta weusi unaong'aa katikati ya vipande vya kombe na kokoto ambavyo wimbi limevirundika. Nilipopata la kwanza, dogo kama punje ya mahindi, nilipiga kelele kama mtoto. Kwa siku chache nilisahau kuogopa, na nadhani hizo ndizo siku pekee nilizoipenda bahari.

Lakini mchimbaji ni mchimbaji, mwanangu, hata umpeleke wapi. Mtu wa pwani akitafuta meno anatazama chini. Kaka yangu alitazama ukuta. Ufuko wa Muanda una ukingo mrefu wa udongo na mchanga unaosimama juu ya ufuko, na siku moja tulikuwa tumezunguka pembe yake, mbali na nyumba, ndipo akaona mstari wa rangi nyingine ndani ya ukingo ule, kwenye usawa wa kiuno, na ndani ya mstari meno yamejipanga.

"Véro, angalia! Iko filon!" alisema. Ndivyo wachimbaji wetu wanavyoita mshipa wa mawe. "Ile ya kwenye muchanga ni makombo tu. Meno ya kweli iko humu, na inaingia ndani."

Ndilo kosa ambalo ni mtu wa kwetu tu angelifanya. Huko mashimoni ukiona mshipa unaufuata. Unauingilia kwa tumbo, unachimba mbele, unasukuma udongo nyuma, na mwenzako anauvuta nje. Kaka alichukua kipande cha chuma alichokiokota njiani akaanza kuufuata mshipa wake chini ya ukingo wa bahari kana kwamba yuko nyumbani. Kule Katuba asingeniruhusu hata kukaribia shimo, maana wachimbaji wanaamini mwanamke anaharibu bahati. Muanda hakuwa na rafiki, kwa hiyo mvutaji nikawa mimi.

"Weye utabakia hapa inje," aliniambia. "Minasukuma udongo, unavuta. Lakini mudomo yako, funga. Unajua sheria ya shimo."

Niliijua. Aliye nje hapigi mluzi, hataji kaburi, na zaidi ya yote hasemi kwamba anaogopa, wala halitaji neno kuanguka. Walisema ukilitaja, udongo unalisikia. Tulikua na sheria hiyo kama tulivyokua na Salamu Maria.

Akaingia. Mwanzo niliona mgongo wake, kisha miguu, kisha nyayo tu. Alinitupia udongo, akanitupia meno, mengine makubwa kama kidole gumba, na kila mara sauti yake ilitoka ndani imepungua kidogo: "Iko ingine! Véro, bale ba Katuba habataamini!" Nilivuta udongo. Nikatazama juu.

Kutoka juu ya shimo mchanga ulikuwa unatiririka. Ulikuwa uzi mwembamba tu, mfano wa unga unaotoka kwenye gunia lililotoboka. Ukakatika, nikashukuru. Ukaanza tena mahali pengine. Nilijiambia ni upepo. Halafu nikasikia ubaridi miguuni, nikatazama chini, maji yalikuwa yamenifikia kwenye vidole, yakarudi, yakaja tena. Sikuelewa yametoka wapi, kwa sababu mvua haikunyesha. Mwanangu, nikuambie woga ule ulivyokuwa: nilitamani mtu yeyote apite, hata mwizi, aseme lile neno badala yangu. Ufuko ulikuwa mtupu. Nyayo za kaka yangu zilikuwa zinasukuma, zinaingia ndani zaidi, na mimi mdomo nimeufunga kwa sababu nilifundishwa kuwa nikisema nitamuua.

Bonge la udongo likaanguka karibu na mguu wangu, kubwa kama kichwa cha mtoto. Hapo sheria ilinitoka. Sikuamua kuivunja, koo lilijifungua lenyewe.

"Yaya, toka! Minaogopa! Inaanguka! Yaya, inaanguka!"

Kisha nikamsikia akitukana, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia, na nyayo zikaanza kurudi nyuma haraka. Hakutoka kwa sababu ameniamini. Alitoka kunipiga. Alisimama mbele yangu amejaa mchanga mpaka kwenye nyusi, mkono umeinuliwa juu, macho mekundu.

"Nani alikuambia useme ile neno? Véro, unataka kuniua?"

Akanifuata hatua moja, mbili, mimi nikirudi nyuma kuelekea majini. Ndipo ukingo ulipoketi. Sina neno lingine. Haukudondoka kwa kishindo kama nilivyotarajia, uliketi taratibu, kama mzee anayechoka kusimama, na pumzi yake ikatusukuma wote wawili tukapiga magoti majini. Vumbi lilipotulia, shimo halikuwepo. Mstari haukuwepo. Palikuwa na mlima wa udongo mbichi, na wimbi lilikuwa limeshaanza kuulamba.

Mkono wa kaka ulikuwa bado juu. Aliushusha polepole, akautazama kama si wake.

Wala haikuishia hapo, maana njia tuliyojia, ile ya kuzunguka pembe, haikuonekana tena. Maji yalikuwa yanapiga ukuta. Tulilazimika kupita tukiwa tumeubana mgongo kwenye ukingo uleule tuliokuwa tunauogopa, maji kiunoni, vipande vikidondoka mabegani, tumeshikana mikono. Bahari ilinitisha, ukingo ulinitisha, lakini kilichonitisha kuliko vyote ni sauti ya Yaya Léon. Alisema Salamu Maria kwa sauti, akikosea maneno, akirudia, mpaka tukafika kwenye mchanga mkavu.

Nyumbani dada alipiga yowe alipotuona. Mama Yumba hakupiga yowe. Alimkabidhi dada mtoto, akatuletea mashuka ya kujifunika, akatusikiliza mpaka mwisho. Nilijua atatugombeza kwa kuchimba, au kwa kwenda mbali. Aligeukia jambo jingine kabisa.

"Léon, nani alikufundisha kama mutu akiogopa anyamaze?"

"Ni sheria ya shimo, mama."

"Sheria ya shimo!" Mama Yumba alipiga makofi mara moja, kwa uchungu. "Shimo yenyewe ndio ilitunga ile sheria, sababu shimo inapenda batu banyamaze. Weye ulimuweka dada yako pale inje na macho, kisha ukamukataza mudomo. Sasa macho yake ilikuwa ya kazi gani?"

Kisha yule mama akanigeukia mimi niliyedhani nitasifiwa.

"Na weye, Véro. Ile woga haikuwa yako peke yako. Ilikuwa ya mwenye kuwa mule ndani. Ulikuwa unamushikia tu. Ulipaswa kumupa palepale, si kungojea."

Nililia usiku wote ule, nikiwaza ingekuwaje kama lile bonge lingechelewa kidogo kuanguka.

Tuliporudi Lubumbashi Yaya Léon aliendelea kuchimba, maana ndiyo kazi aliyoijua. Lakini kwenye shimo lake sheria iligeuzwa. Anayebaki nje alitakiwa kusema kila anachokiona na kila anachokiogopa, hata kama ni kunguru, na aliye ndani alitakiwa kutoka kwanza, kuuliza baadaye. Walitoka bure mara nyingi. Wenzao walichekelea, wakaliita shimo la waoga, na jina hilo lilimfuata sokoni na kanisani. Alizeeka nalo.

Kati ya waliocheka kulikuwa na kijana mmoja hodari, na shimo lao lilikuwa la kimya, linasifiwa. Lilimfunika. Nilikwenda kwenye kilio chake, na nje ya uzio nikamkuta mvuta kamba wake ameketi peke yake chini, hali, hanywi. Nilimwekea mkono begani. Hakunitazama. Alisema tu, "Minaliona, mama. Minaliona mbele," yaani aliona mapema, kabla udongo haujaanguka, na akalirudia hilo mpaka nikaondoka. Nadhani bado hujawahi kumsikia mtu akisema hivyo. Naomba usije ukawa wewe.

Basi sikia neno langu, mwanangu. Sikukatazi mashimo, kwa kuwa najua njaa ya nyumbani kwenu na sina cha kukupa badala yake. Nakuambia hivi: wewe unayeshika kamba si mkono tu. Wewe ni macho ya mtu asiyeona kitu isipokuwa ukuta ulio mbele ya pua yake. Woga ukikujia, usiupime kwanza kama ni wa kiume au wa kike, usiulize watasemaje. Mpe mwenyewe aliye ndani, upesi, kwa sauti kubwa. Na siku ukiwa wewe ndani ukasikia mwenzako anaogopa, toka. Toka hata kwa hasira, hata kwa kumtukana. Mtagombana mkiwa nje, kwenye jua. Wakikuita mwoga, waache wakuite, wakucheke mpaka wachoke. Anayecheka anapumua, na mimi ninachokitaka kwenu nyote ni pumzi.

Mungu aliyemtoa kaka yangu shimoni kwa hasira ya kaka huyohuyo akuzunguke mbele na nyuma, juu na chini. Azilinde nyayo zako zisiingie mahali zisipoweza kurudi. Na udongo wa kwanza utakapoanza kutiririka, hata kama ni uzi tu, akufungue kinywa kabla hujapata muda wa kuona haya.