Gari la golf lililoenda kliniki kinyumenyume: nilivyotengeneza gia yake uani, 2008

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Tangu juzi naona mnabishana kuhusu magari ya umeme. Huyu gari lake limekataa kuingia D, yaani kwenda mbele, yule ameambiwa anunue gear selector mpya kwa bei ya ploti. Nimecheka, kisha nikakumbuka yangu.

Nitaeleza ilivyokuwa. Mama Nafula, ambaye ndiye mwenye habari hii, yuko hai, na mjukuu wake humsomea mambo ya humu kwenye simu. Nikiongeza chumvi nitapigiwa kabla ya chakula cha jioni. Kwa hivyo leo chumvi hakuna.

Mimi naitwa Mutua, fundi wa redio na TV. Mwaka ule wa uchaguzi, 2007, nilikuwa nimepanga chumba kijiji cha Raila, Kibera, na kibanda changu cha kazi kilikuwa Olympic, kimeegemea ukuta wa Mzee Wanyama.

Mzee Wanyama ni mume wa Mama Nafula. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwa klabu moja ya golf, sitaitaja, akitunza vile vigari vidogo vinavyobeba wachezaji na mifuko yao. Alipostaafu wakampa kimoja kizee kilichokuwa kinaenda kutupwa.

Basi kilikaa uani chini ya mabati. Betri sita chini ya kiti, petroli hakuna, kelele hakuna. Kila Jumapili akitoka kanisani Mzee anakifuta vumbi, anaongeza maji ya betri, anakichaji. Safari hakina. Mama Nafula alikuwa akiniambia, "Mutua, huyu ni mke mwenza wangu, na yeye hata kupika hajui."

Shida yake ilikuwa gia. Chini ya kiti, karibu na miguu, kulikuwa na mkono wa chuma: ukiusukuma huku ni mbele, katikati ni kusimama, ukiuvuta huku ni nyuma. Wakuu, gear selector ndiyo hiyo. Hakuna kompyuta, hakuna taa. Ni vipande vya shaba vinavyogusana ndani na kupitisha moto wa umeme.

Mbele ilikuwa imekufa. Nyuma ilikuwa nzima kabisa, maana ni nani hurudi nyuma sana kwa golf?

Uchaguzi ukaja, na yaliyofuata mnayajua. Sina haja ya kuwakumbusha moshi. Maduka yakafungwa, matatu zikapotea, watu wakaanza kuulizana majina ya pili wajue kabila. Mimi ni Mkamba wa Machakos, na wiki ile hata sisi tulikuwa tumeanza kuangaliwa kwa jicho la pembeni. Mzee akanifungulia geti, nikaingiza vyombo vyangu vya kazi na godoro, nikawa mtu wa nyumba ile.

Sasa, Mama Nafula alikuwa na sukari, na chini ya mguu wa kushoto alikuwa na kidonda. Kilikuwa kinaoshwa kila baada ya siku mbili na sista mmoja wa zahanati ndogo ya Kabiro, kule Kawangware. Zahanati za karibu zilikuwa zimefungwa zote.

Wiki moja ikapita bila kuoshwa. Tukajaribu wenyewe kwa maji ya chumvi. Siku ya nane nilisikia harufu nikiwa nje ya mlango, na nilijua si ya jikoni.

Mzee akapiga simu Kabiro, akaweka loudspeaker tusikie wote. Sista akasema, "Baba Nafula, mlete kesho. Mkikaa tena siku tatu, mimi sitaosha huo mguu. Watakuwa wanaukata."

Mama akasema, "Basi kesho." Kama mtu anayepanga kwenda sokoni.

Mtu wa teksi tuliyempigia akatuambia hatoki nyumbani hata kwa maombi. Mwenye mkokoteni alikuwa amekimbilia kwao. Kumbeba mgongoni? Mama mwenyewe alinitazama mabega, akasema nisijaribu.

Ndipo wote watatu tukageuka tukaangalia kile kigari.

Nikachomoa nyaya za betri kwanza. Sikilizeni vijana, hiyo ndiyo hatua ya kwanza, hata gari liwe la jana. Nikachora kwa kalamu kila waya unaingia wapi, nikafungua bolti, nikaitoa gia nzima na kuilaza juu ya gunia.

Kipande cha shaba cha upande wa mbele kilikuwa kimeungua mpaka kimeliwa nusu. Pengo kama la jino.

Hapa ndipo nilifanya kosa ambalo fundi wa redio pekee ndiye anaweza kulifanya. Kwa sisi watu wa redio, kila ugonjwa dawa yake ni soldering. Waya umekatika, chomelea. Spika imenyamaza, chomelea. Nikaona lile pengo, mkono ukaenda wenyewe.

Nilikuwa na soldering iron ya zamani, ile ya kupashwa kwa jiko la makaa, kichwa chake donge zima la shaba. Mjomba wangu Kioko, aliyenifundisha kazi, alinipa siku natoka Machakos. Alikuwa ameshafariki, na hicho ndicho kitu chake pekee nilichokuwa nacho. Nikaipasha mpaka ikaiva, nikajaza pengo kwa solder, ile risasi laini ya kuchomelea, nikapiga tupa mpaka ikang'aa.

Mzee akainama akaangalia. "Kule klabu tulikuwa tunaweka shaba tupu."

"Mzee, redio zote za Raila zimepita kwa huu mkono."

"Hiyo si redio, Mutua."

Sikusikia. Kiburi cha fundi ni kitu kibaya sana wakuu. Tukafunga, tukajaribu uani. Mbele hatua kumi, nyuma hatua kumi. Safi! Nikapiga kifua.

Asubuhi mtaa ulikuwa umetulia kidogo. Tukafunga matawi mabichi mbele ya kigari, kama magari yote siku zile, kuonyesha tunakuja kwa amani. Mzee kwenye usukani, Mama kando yake na mguu juu ya mto, mimi nimesimama nyuma pale pa kuweka mifuko ya golf.

Tulienda vizuri mpaka kile kilima cha kabla ya Ngong Road. Katikati ya kilima nikanusa kitu. Hakuna mtu humu anayeijua hiyo harufu kuliko mimi. Ni solder inayoyeyuka.

Redio hula umeme kidogo. Gari lenye watu watatu likipanda kilima linakula umeme wa kupikia harusi, na solder haiwezi moto huo. Ilidondoka barabarani matone matone, tukasimama.

Na pale tuliposimama, mbele yetu kulikuwa na mawe yamepangwa barabarani. Vijana kama saba wakainuka.

Nawaambia ukweli, niliogopa. Nilikuwa na kitambulisho mfukoni na nilitamani kingekuwa cha mtu mwingine.

Mmoja mwenye kofia akazunguka kigari. "Niaje mzee. Hii ni nini sasa?"

"Ni gari ya golf," Mzee akasema.

"Golf? Leo?" Akanigeukia. "Na huyu wa nyuma ni nani?"

Kabla sijafungua mdomo Mama Nafula akasema, "Huyo ni fundi wangu. Na ni mjinga. Ameharibu gari nikiwa ndani."

Wakacheka. Wakuu, sijawahi kufurahi kutukanwa kama siku ile.

Mama akafunua kitambaa, akawaonyesha mguu. Kicheko kikaisha. Yule wa kofia akaondoa macho.

"Hospitali ni wapi, mathe?"

"Kabiro. Lakini sasa inakubali kurudi nyuma tu."

Mzee akaanza kusema basi turudi nyumbani, tutengeneze, tujaribu kesho. Hapo Mama akakasirika. "Nyumbani kuna nini? Kama inarudi nyuma, igeuzeni. Matako yaangalie Kabiro."

Tulitazamana kama watu walioachwa na gari la moshi. Ilikuwa rahisi hivyo, na wanaume tisa tulikuwa tumesimama pale hatujaifikiria.

Vijana wakashika huku na huku, wakakiinua na Mama akiwa ndani, wakakigeuza. Yule wa kofia akafungua matawi yaliyokuwa mbele, akanipa nishike. "Wewe sasa ndio bonnet," akaniambia. Wakasogeza mawe.

Mzee akavuta gia nyuma. Na hapo nikakumbuka kitu: kigari kile kikirudi nyuma kinalia. Piii, piii, piii, bila kupumzika. Nikataka kuukata ule waya, nikihofia tutavuta watu.

Mama akakataa. "Acha ilie. Mtu mbaya haji akipiga kelele. Wakitusikia toka mbali hawatashtuka."

Basi ndivyo tulivyoenda. Mzee shingo imegeuka kama kuku, mimi na tawi mkononi nikipaza sauti, "Kulia kidogo Mzee! Shimo! Shimo!", na Mama ametulia akitazama tulikotoka, akiwapungia mkono wale vijana mpaka wakapotea. Watu walitoka kwenye vibaraza wakatuangalia. Siku nyingi watu hawakuwa wametoka kuangalia kitu cha kuchekesha.

Kawangware tukakuta mawe mengine na vijana wengine. Hawa walikuwa wameshatusikia tangu mbali, na walikuwa wanacheka kabla hatujafika. Mmoja akasema, "Hawa hata wakikuja na ubaya, watafika kesho." Wakafungua.

Sista alituona akashika kiuno. Alimwosha Mama karibu saa nzima, akatoka, akavua glavu, akamwambia Mzee, "Mguu upo. Lakini nautaka hapa kila baada ya siku mbili, mwezi mzima." Mzee akaketi chini pale pale mlangoni akalia. Mimi pia.

Kurudi nyumbani, vilevile. Piii, piii.

Sasa mwezi mzima kinyumenyume haiwezekani, shingo ya Mzee ingebaki huko. Shaba ilihitajika, tena nene. Hardware zilikuwa zimefungwa, na vibanda vya vyuma chakavu vilikuwa majivu.

Nilikaa uani nikiwa na ile soldering iron ya mjomba mapajani. Donge zima la shaba. Mzee aliona ninachofikiria akaingia ndani, hakutaka kuniambia ndiyo wala hapana.

Nikachukua msumeno wa chuma nikaikata kichwa. Iliniuma, sitaficha. Nikatoa vipande viwili, nikapiga tupa jioni yote, nikatoboa, nikafunga bolti. Hakuna solder hata tone.

Ile gia haikusumbua tena. Tulienda Kabiro siku zote alizotaka sista, mbele, kama watu. Wale vijana wa kilimani walisikitika kidogo. Walikuwa wameipenda ile ya kwanza.

Mambo yakatulia, nikahamia Kabiro kabisa, nikafungua kibanda kule. Miaka ikaenda. Mzee Wanyama alifariki kwa uzee, kitandani kwake, na watoto wakauza kile kigari kwa watu wa vyuma.

Siku moja asubuhi niko kazini, nikaona mtu amesimama kwenye mwanga wangu. Mama Nafula. Akafungua fundo la leso, akaweka mezani vipande viwili vya shaba, vyeusi vya moto.

"Niliwaambia wachukue gari, lakini hii ni ya mjomba wako."

Nikamuuliza ni nani amemleta kutoka Olympic.

"Anilete nani? Nimetembea."

Nikainama chini ya meza nikajifanya natafuta screwdriver. Nilichoona kule chini ni viatu viwili vya Bata, na miguu miwili ndani.

Funzo langu ni dogo. Chomoa betri kwanza. Chora nyaya. Usitie solder mahali pa moto mkubwa, na mzee aliyefanya kazi na kitu miaka mingi akikuambia shaba, weka shaba. Na mbele ikikataa, angalia kama nyuma bado inafanya kazi.

Vile vipande viko hapa kwenye droo nikiandika. Wewe uliye humu, ulishawahi kukata kitu ulichokipenda ili kingine kiende? Andika hapa chini. Mama Nafula atasomewa zote, na akiona umedanganya, mimi simo.