Kago la Udi wa Bi Mwanatumu

Jambo hili nimelinyamazia miaka mingi, na lau si wifi yangu Mesaidi kulitoboa juzi harusini mbele ya wanawake wote wa Msambweni, ningekwenda nalo kaburini, lakini maadam limeshatoka, bora mlisikie kwangu mimi kuliko kwake yeye anayetia chumvi hata kwenye chai. Ndiyo, ni kweli, nilikwama. Nilikwama katikati ya duka la watu huko Tanga, mguu mmoja mbele na mmoja nyuma, mtaa mzima ukinitazama, mimi Mwanakombo ninayejidai kila mahali. Chekeni sasa, kisha mnisikilize.

Bibi yangu mzaa mama, Bi Mwanatumu, Mungu amrehemu, ndiye aliyenifundisha kupika udi kwa sukari, sandali na marashi, na alipofariki nikaanza kuutia udi wake katika vikasha vidogo vya karatasi vyenye jina lake. Juu ya kila kikasha palichorwa mkono wake wenye hina, na kidole cha mwisho hakina ncha, maana chake kilikatwa na shoka siku moja alipokuwa akipasua vijiti vya sandali. Kutoka Diani hadi Shimoni, ukionyesha mkono ule hata asiyejua kusoma atakwambia huo ni udi wa nani. Alama ile nilikwenda kuiandikisha Mombasa, karani wa huko akanipa hati yenye muhuri, nikaitundika ukumbini.

Basi katika miaka ile uhuru ulipokuwa bado mpya, akanijia mfanyabiashara mmoja wa Tanga, Bwana Salehe, mtu mpole, sauti ya chini, akaniomba aniuzie udi kwao. Nilifurahi mno. Nikapita tena kwa yule karani wa Mombasa nimtambie, naye akanitazama juu ya miwani yake akasema, "Bi Mwanakombo, hati yako mwisho wake mpakani Lunga Lunga. Ukivuka pale, alama ile haina mwenyewe, na atakayetangulia kuiandikisha huko ndiye mwenye nayo. Chukua fomu hii, uijaze kabla udi haujavuka."

Nilimcheka. "Mwanangu, Tanga ni kwetu. Shangazi yangu ameolewa Tanga, mama yangu kazaliwa Moa. Huo mpaka mnauona nyinyi wenye kalamu." Fomu nikaikunja, nikaitia chini ya godoro, na huko ndiko ilikokaa. Kosa langu lilikuwa hilo moja tu, hayo mengine yote ni watoto wake.

Wifi Mesaidi ndiye aliyeniambia, "Kwani wenye minazi wanajaza fomu?" (Leo anakana. Mwacheni akane.) Hapa kwetu mwenye shamba la minazi huliwekea kago, dawa ya kulinda mali, na mwizi akipanda, hunata pale pale juu ya mnazi mpaka mwenye mali aje amwambie, "Nimekusamehe, shuka." Nikiwa msichana nilimwona kwa macho yangu mtu mzima aliyekumbatia mnazi tangu alfajiri hadi adhuhuri. Wengine walisema aliogopa tu fimbo zilizokuwa zikimngoja chini, lakini mimi nilimtazama usoni, na yule hakuwa mtu anayeogopa fimbo.

Nikaenda Kikoneni kwa mganga. Akaweka kikasha kimoja ndani ya ungo, akakizungushia uzi mwekundu, kisha akaniuliza, "Nalifunga kwa jina la nani?" Nilitaka kusema langu, nikamfikiria binti yangu atakayerithi udi baada yangu, nikaona tusije tukarudi Kikoneni kila mtu anapokufa. Nikamwambia, "Lifunge kwa mwenye alama, yeyote atakayekuwa." Akasema, "Una hakika?" Nikamwambia afunge upesi, basi langu linaondoka.

Mwaka haukwisha, Bwana Salehe akaacha kuagiza, akaniletea habari kwamba watu wa Tanga wameuchoka udi wangu. Lakini shangazi yangu wa huko akasema mbona kila nyumba inafukiza Bi Mwanatumu? Damu ikanipanda. Nikamshika wifi, tukapanda basi.

Tulishuka Tanga baada ya alasiri. Mtaa ulikuwa mtupu, milango imerudishwa, hata kuku hatukumwona, ila kila dirisha tulilopita lilitoa harufu ya bibi yangu. Si harufu inayofanana, nasema ya bibi mwenyewe, ile iliyokuwa ikikaa katika leso yake akiniinamia kunifunika. Ilikuwa kana kwamba ametutangulia, anaingia nyumba moja na kutokea nyingine. Mesaidi akanikamata mkono akaninong'oneza, "Mwanakombo, turudi. Nywele zinanisimama." Nami zilinisimama, lakini hasira ilikuwa inanisukuma mgongoni, tukaendelea.

Dukani kwa Salehe vikasha vilipangwa kutoka sakafuni hadi darini. Mkono wa bibi juu ya mkono wa bibi, yote ina hina, yote imekatika kidole. Na Salehe mwenyewe alikuwa ameketi juu ya mkeka, mgongo ukutani, macho wazi, anatutazama. Nikamtolea salamu. Kimya. Nikairudia. Hakupepesa hata kope.

"Wifi!" nikasema. "Limemshika!"

Ah, jamani, ningeishia hapo! Lakini nani wa kunizuia mimi? Nilitoka barazani nikapiga kelele, "Enyi watu wa Tanga, njooni mumwone mwizi!" Milango ikafunguka, watu wakajaa, nami nikawaeleza yote, Kikoneni, ungo, uzi mwekundu, nikapiga kifua nikasema kila kikasha chenye mkono huu kina kago langu. Mama mmoja aliyekuwa na kikasha akakiweka chini polepole, akajifuta mkono katika buibui. Mzee mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Udi huo jana tumemfukizia maiti wetu."

Hapo Salehe akajipangusa uso kwa viganja viwili, na tasbihi ikaonekana, kumbe ilikuwa ndani ya mkono wa kanzu. "Waaleikum salaam, dada Mwanakombo. Niwie radhi, nilikuwa katika uradi, nami siukatizi."

Watu waliangua kicheko, nikatamani ardhi inimeze. Naye bila haraka akanyoosha kidole ukutani, kwenye hati yenye muhuri, mkono wa bibi uko pale na jina la Salehe chini yake. "Nilikuuliza mara mbili kama umeiandikisha huku. Ukaniambia Tanga ni kwenu. Basi nikaiandikisha mimi." Kisha akawageukia watu, mpole vile vile. "Udi wenye kago ni wa huyu dada, wa kule Kenya. Wangu naupika hapa kwa Bismillahi tu."

Mnaona? Maneno yangu mwenyewe ndiyo aliyoyatumia kuuzia udi wake. Nikapiga ukelele, "Bibi yangu hauzwi!" nikanyakua kikasha kimoja, nikaelekea mlangoni.

Mguu wa kwanza ulikanyaga kizingiti. Wa pili haukuja.

Baridi ilinipanda kutoka nyayoni hadi magotini, magoti yakawa si yangu. Nikataka kukitupa kile kikasha, vidole vikakataa kufunguka. Mesaidi akanivuta, akavuta tena, mpaka buibui langu likapasuka begani. Safari hii hakuna aliyecheka. Kila mtu alikuwa akinitazama miguu, na yule mzee akasema, "Limemshika mwenyewe." Ndipo nilipokumbuka nililomwambia mganga, na nani ambaye jina lake liko ukutani, na jasho likanitoka katika baridi ile ile.

Salehe naye alikuwa ametota jasho. Hakujua la kufanya, mpaka watu wakamwambia, "Mwambie umemsamehe." Akasema, "Nimekusamehe, dada. Nenda." Na wallahi mguu ukaja. Nilisamehewa na mwizi kwa kumwiba bibi yangu mwenyewe. Iko aibu gani tena duniani?

Daktari wa Msambweni aliniambia ni misuli, kukaa sana ndani ya basi pamoja na hasira. Sawa, ni misuli. Lakini habari ya kago, si ya kukwama, ilivuka Lunga Lunga kabla yetu, na kwetu hakuna tena aliyetaka kufukiza udi wa kago nyumbani kwake. Wakawa wanaagiza wa Salehe. Nilirudi kwa karani wa Mombasa nikamwonyesha ile fomu, imebanwa na godoro mpaka imekuwa nyororo kama kitambaa. Hakunicheka, na afadhali angecheka. Akasema, "Sasa hata tukishitaki, Bi Mwanakombo, umewatangazia watu una uganga ndani ya udi. Nani atakuwa shahidi wako?"

Nikaanza upya, udi ule ule, jina langu, chapa ya jani la mrehani. Kisha mama akafariki. Siku ya msiba nikaingia chumbani alimolazwa, moshi umetanda, na harufu ni ile, sawasawa kabisa, hata mimi sijawahi kuupika ukatoka vile. Nikauliza, "Huu wa nani?" Mesaidi akasema, "Ni wa Tanga, wifi. Tulidhani hutautambua." Nikaketi, nikalia, nikawaambia waongeze makaa, wasiuzime, yule aliyelala pale ni mwanawe Bi Mwanatumu.

Binti yangu anataka kuupeleka wa mrehani Unguja. Nimemwambia nitamsaidia kupika, kufunga, hata kubeba kichwani, lakini naapa sitavusha tena kikasha hata kimoja maji wala mpaka kabla sijaiona hati ya huko kwa macho yangu, ina jina letu, na wino umekauka.