Rangi ya Kucha kwenye Valvu

Usiku ule nililala na ovaroli yangu mwilini, viatu tu ndivyo nilivyovua, maana baridi ya huku Njombe haina adabu. Sikusali. Mtu aliyefanya nilichofanya mimi jioni ile ataanzaje kumshukuru Mungu kwa siku?

Niseme kwanza nilichofanya, nisije nikaonekana mtakatifu. Mimi ni fundi wa mitambo, mwanamke pekee kwenye karakana ya kambi yetu ya ujenzi wa barabara, na mdomo ninao, muulize yeyote. Kijiko chetu, yaani ule mtambo mkubwa wa kuchimba, kilikuwa kimelegea. Udongo kinanyanyua, lakini ukikifunga kalavati, lile bomba kubwa la zege, kinanguruma tu, mkono haupandi. Na kesho yake asubuhi Sefu, opereta wetu, alitakiwa kushusha makalavati mtaroni, vibarua wanne wakiwa chini wanayapokea. Msimamizi akanifuata. "Dada Eda, kesho kinyanyue. Kama huwezi sema, tutafute fundi mwanaume."

Weee! Mimi uniambie hivyo? Nilipanda juu ya mtambo na spana yangu, nikalegeza nati, nikakaza skrubu ya valvu ya usalama mzunguko mmoja na nusu. Sikufungua kitu, sikutafuta ugonjwa uko wapi. Kijiko kikanyanyua kalavati kama mtu anayebeba mtoto. Watu wakapiga makofi, nami nikacheka nao. Nilipokuwa nashuka niliuona mstari mwekundu pale kwenye nati umekatika, nikageuza uso.

Basi, usingizi ukanichukua, nikajikuta karakana ya zamani, kwa Mzee Mbwilo.

Mzee Mbwilo ndiye aliyenifundisha kazi hii, nilipokuwa binti niliyefukuzwa kwenye karakana tatu kwa kosa la kuvaa sketi. Alifariki mwaka juzi. Mimi nilikuwa kazini mbali, nikaomba ruhusa, nikacheleweshwa, nikafika kaburi limeshafukiwa na watu wanakunja maturubai. Jambo hilo halijawahi kunitoka moyoni hata siku moja.

Alikuwa amekaa juu ya ndoo ya oili iliyogeuzwa, na ovaroli yake ile ile yenye kiraka cha kitenge gotini. Kile kikohozi chake cha miaka ya mwisho hakikuwepo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mama."

Hivyo ndivyo alivyoniita siku zote, mama, hata nilipokuwa sijui kushika spana. Pembeni yake kuna jiko la mkaa na sufuria ya maharage, kwa sababu Mzee alikuwa anapika maharage karakanani kila siku ya Mungu, na kwa sufuria hiyo hiyo alinifundisha valvu. Pampu ina nguvu lakini haina akili, alikuwa akisema, akili iko kwenye valvu. Pampu inasukuma oili tu, kutwa nzima. Opereta akivuta wenzo, ndani ya valvu kuna kijiti kinasogea, upana wa ukucha tu, na njia inafunguka: oili iende kunyanyua mkono, au kuukunja, au kuzungusha kiti kizima. Na pale oili inapokosa pa kwenda, kuna valvu nyingine ndogo iliyobanwa na springi. Presha ikizidi, inaisukuma ile springi, oili inapenya na kurudi kwenye tangi. "Ni kifuniko cha maharage," alisema siku ya kwanza, akinionyesha kinavyocheza. "Kinacheza ili jiko lisichafuke."

Sasa natazama ile sufuria, na kifuniko hakichezi. Juu yake kuna jiwe. Sikuambiwa na mtu, lakini nalijua lile jiwe, nimeliweka mimi. Sufuria inatoa mlio mwembamba, na Mzee anautegea sikio.

Laiti angenigombeza. Angenigombeza ningejibu, mimi na yeye tulijibizana miaka yote, tukinuna hadi saa sita kisha tunakula sahani moja. Badala yake anaingiza mkono mfukoni na kutoa kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu. Alikuwa anainunua mwenyewe sokoni, akina mama wauzaji wakimcheka, "Mzee, leo unamnunulia nani?" naye anajibu, "Mke wangu wa chuma." Akishapima presha ya mtambo na kuipatia sawasawa, anachora mstari mmoja unaopita kwenye mwili wa valvu, kwenye nati, hadi kwenye skrubu. Mstari ukikutwa umekatika, kuna mkono umepita. Na kijiko hiki cha kambini kwetu kilipitia kwake kabla hakijaletwa huku. Ule mstari nilioukata ni wake, kauchora kwa mkono wake.

Tuko juu ya kijiko sasa, sijui tumepandaje. Anapapasa mstari kwa kidole gumba, upande huu, kisha upande wa pili uliokwenda mbali.

"Ulifungua ukaona ndani?"

"Hapana, Mzee."

Anatikisa kichwa polepole. Nami nakumbuka yote, yanakuja yenyewe. Valvu ya usalama ikilegea, mara nyingi springi haina kosa. Ni takataka imekaa kwenye mdomo wake, chembe tu, haifungi vizuri, oili inavuja, nguvu inapungua. Fundi mvivu anakaza springi juu ya uchafu, nguvu inarudi, anasifiwa. Lakini chembe haikai milele. Siku oili ikiisomba, valvu inafunga kabisa, na springi imekazwa kupita kiasi. Hapo presha inapanda hadi pale isipopaswa kufika, na mpira unaopitisha oili ndio unaopasuka. Mpira wa mkono ukipasuka kwenye mtambo mkuukuu kama ule, mkono na kilichofungwa kwake vinakuja chini.

Nageuka kumwambia Mzee kwamba nayajua hayo, niliyajua hata jana, na hayupo. Yuko mtaroni. Amelala chali chini kabisa kwenye udongo mwekundu, amejifunika lile blanketi la kijivu alilougulia, na juu yake kalavati linaning'inia. Ametulia. Ananitazama kwa upole ule uliokuwa unaniudhi na sasa natamani niuone kila siku.

"Mzee, toka hapo! Nakuomba, toka!"

"Wale wengine," akasema, "mbona hukuwaambia watoke?"

Niliporomoka. Nililia ndani ya ndoto kama sijawahi kulia nikiwa macho, na nikiwa nalia nikajikuta nimepiga magoti karakanani tena, mbele ya ndoo yake. Nikamwambia lile nililokuwa nalo tangu mwaka juzi. "Nisamehe, Mzee. Sikuwahi kukuzika."

Akanishika kichwani. Mkono wake ulikuwa unanuka dizeli na sabuni ya kipande.

"Mimi nimeshafika, mama. Wahi walio hai."

Nikaona anapakua maharage, na mimi njaa ikanishika ajabu, njaa ya kutaka kukaa pale pale nisirudi. Bibi yangu alikuwa akituonya tukiwa wadogo: marehemu akikupa chakula ndotoni, usile. Nilikumbuka, na bado nikanyoosha mkono. Nilimpenda mno yule mzee, sikujali. Yeye ndiye aliyeivuta sahani.

"Haya siyo yako. Nenda kanywe uji kambini."

Alikuwa anatabasamu. Kisha akaliondoa lile jiwe kwa vidole vitupu, kifuniko kikaanza kucheza, tak, tak, tak, sauti ikakua, ikawa nzito, ikawa ngurumo, na nikafumbua macho.

Ilikuwa injini. Kumeshakucha, mwanga umeingia kwenye matundu ya bati, na Sefu anapasha kijiko moto.

Nilitoka pekupeku. Vibarua walikuwa wameshaingia mtaroni, nasikia wanavyotaniana, na kalavati la kwanza limeshafungwa mnyororo, limeinuka kutoka chini hadi usawa wa magoti ya mtu.

"Sefu! Shusha! Shusha chini uzime! Nyie huko chini, tokeni wote!"

Akashusha. Wale wanne wakapanda juu wakinishangaa, nywele timutimu, miguu ina umande. Msimamizi akaja mbio akiuliza nimerukwa na akili au vipi. Na hapo, mimi Eda mwenye mdomo, sikujitetea. Nikasema tu ukweli, wote wakisikia. "Nimekosea mimi. Jana nilikaza valvu bila kuangalia ugonjwa. Ingeweza kuwaua hawa."

Hakuna aliyecheka. Kibarua mmoja, mtu mzima, alivua kofia akaishika mkononi.

Tuliegesha ndoo ya kijiko ardhini, injini imezimwa, nikachezesha kila wenzo ili presha iliyobaki itoke, kama Mzee alivyokuwa ananilazimisha kila mara. Kisha nikafungua valvu. Kwenye mdomo wake kulikuwa na kipande cha mpira mweusi, kidogo kuliko punje ya mchele. Nikakitia kiganjani kwa Msimamizi. Nikaiosha valvu kwa dizeli, nikairudisha, nikalegeza skrubu taratibu, robo kwa robo. Sefu alinishikia tochi ingawa jua lilikuwa limetoka.

Mstari mwekundu wa kwenye skrubu ukasogea, ukasogea, ukakutana na wa kwenye nati na wa kwenye mwili wa valvu, ukawa mmoja kama alivyouchora. Nikaweka kidole gumba changu juu yake.

"Mzee," nikasema, na sikujali nani ananisikia, "safari hii nimewahi."